Makala Iliyosomwa Mbali

Nilirudi Mwanza kutoka masomoni nikiwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Nilikuwa nimeshachapisha makala kadhaa, lakini karibu hakuna aliyezisoma. Profesa niliyeshirikiana naye Ulaya alinikumbusha kwa faksi kwamba mtafiti hupimwa kwa wanaomnukuu. Mimi nilikuwa na foleni ya wagonjwa wa kifafa na mashine ya kupima mawimbi ya ubongo ambayo umeme ukikatika iligeuka kuwa meza ya kuwekea mafaili.

Soko huria lilikuwa limeingia. Viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa na ndege zikabeba samaki kwenda nje. Dawa ya kuua wadudu wa pamba, ambayo zamani ilitoka kwa chama cha ushirika, sasa iliuzwa dukani karibu na sukari.

Wakati wa masika alikuja mama mmoja kutoka mwalo wa wavuvi, pale mitumbwi inapotia nanga, amembeba binti yake wa shule ya msingi. Mtoto alikuwa ameanguka na kutetemeka tangu alfajiri. Hakuwa na homa, na damu yake haikuwa na malaria. Kabla ya wiki kwisha wakaja wengine, wote wa mwalo uleule. Nikamuuliza yule mama walikuwa wamekula nini. Alitazama mlango kwanza.

"Samaki," akasema. "Tuliwakuta wanaelea wenyewe. Na paka wetu wamekufa wote."

Nilituma damu ya wagonjwa hao kwa profesa Ulaya. Akaikuta na sumu ya dawa ya pamba. Tuliandika makala pamoja, na kijiji sikukitaja. Niliandika tu kwamba ni mwalo mmoja kusini mwa ziwa. Kisha faksi zikaanza kumiminika. Tulinukuliwa na wataalamu wa sumu, halafu wa chakula, mwishowe na magazeti ya Ulaya. Nilifurahi kama mtu aliyepiga kelele miaka mingi na ghafla akaitikiwa.

Baada ya muda wanunuzi wa nje wakaogopa samaki wetu, na bei ya sangara ikaporomoka. Viwanda vikaanza kurudisha watu nyumbani. Mtaani kwetu Nyakato majirani walipunguza salamu, na nikipita kwenye genge la nyanya mazungumzo yalikatika hadi nimalize kununua.

Asubuhi moja aliingia kliniki bwana mtanashati, shati limepigwa pasi vizuri. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na nakala ya makala yangu, na ile sentensi ya mwalo ilikuwa imepigiwa mstari.

"Hongera, mama daktari. Hata sisi tumeisoma. Ni mwalo gani huu?"

Nikamwambia siri za wagonjwa hazitoki. Hakukasirika. Aliikunja nakala taratibu, akaitia mfukoni.

"Haidhuru. Mialo ya kusini si mingi."

Siku iliyofuata niliomba gari la hospitali niende kumwonya yule mama. Nikakuta mlango wake umefungwa kwa kamba na nyavu hazipo. Jirani aliniambia wameondoka, kwamba kuna watu walikuja kumuulizia mumewe. Kisha akaniomba nisirudi tena, kwa sababu gari lile lilikuwa linavuta macho ya watu.

Profesa alitaka utafiti wa pili, wenye timu kubwa na ramani ya vijiji. Nilikataa. Aliandika kwamba labda nimechoka.

Miaka ikapita. Siku moja mama yule akaingia kliniki na binti yake, sasa msichana mkubwa, mikono ikitetemeka kidogo. Walikuwa wakiishi kisiwani Ukerewe kwa ndugu zake. Aliniambia bila kuficha kwamba mumewe ndiye aliyekuwa akimwaga dawa ya pamba ziwani ili kuvua samaki, kama wengi walivyofanya. Wale watu walipomfuata huko na kumuulizia mara ya pili, alitoka na mtumbwi. Mtumbwi ulipatikana. Yeye hakupatikana, wala mama hakujua kama alikimbia au alitupwa majini.

"Ni wewe uliyewaambia?"

Nikamweleza nilichoandika na nilichoacha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Waliosoma walikuwa wengi?"

"Wengi sana."

Akaitikia kwa kichwa. Niliwaandikia dawa za kifafa za kumtosha binti hadi watakaporudi. Mama akamfunga kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimelegea, wakatoka kuwahi meli.