Mtihani wa Bugali Bihambwe

Vijana wa ng'ambo wanaoletwa na kanisa kujitolea kufundisha kijiji cha Ntoto hupitia kwanza kwetu Bihambwe, wakae katika nyumba zetu, wazoee maisha. Sisi tulipewa msichana mrefu mwenye kucheka ovyo. Sharti lilikuwa moja: awe mtoto wa nyumba. Achote maji, alime, apike. Mwishoni angepika bugali, ugali wetu wa muhogo, mbele ya kamati ya akina mama wa kijiji. Akishindwa, Ntoto angeisikia tu.

Nilifurahi sana, nikidhani nimepata msaidizi. Nilimsahau mama mkwe wangu.

Mgeni akishika jembe, mama mkwe anamnyang'anya. Akiinua ndoo, kelele.

“Acha mugeni apumuzike! Batu ya kanisa batasema tunamufanya punda!”

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mimi nikaugua mgongo. Kutwa alikalishwa kitini kando ya mama mkwe, akimsikiliza anavyonituma: kuni, maji, mwiko, haraka. Nilikuwa na hasira, lakini si kwa mgeni. Alikuwa akininyemelea jikoni anisaidie kumenya viazi, naye anafukuzwa kama kuku. Nilimpenda, na nilitaka sana afaulu.

Siku ya mtihani akina mama wa kamati walipanga benchi za kanisa uani, wakakaa na vitenge vya Noeli na nyuso za mahakimu. Mbele yao mafiga, sufuria na unga wa muhogo. Msichana aliitazama ile sufuria, rangi ikamtoka. Hakujua hata aanzie wapi. Nikainuka nimsaidie, mama mwenyekiti akanikalisha kwa kidole.

Msichana akavuta kiti. Akakaa, akakunja kitenge magotini, akapaza sauti ambayo naijua vizuri mno:

“Weye! Muko naangalia nini? Mayi iko wapi? Na moto gani hii, ya kuota ao ya kupika?”

Mama mwenyekiti, asiyemwogopa hata padri, aliruka akashika ndoo. Wa pili akapiga magoti kupuliza moto. Wa tatu akakamata mwiko. Walipozinduka bugali ilikuwa imeiva na wao wametota jasho. Nikafumba macho. Nilijua tumekwisha.

Mwenyekiti akamega tonge, akatafuna polepole.

“Bugali iko muzuri,” akasema. “Na huyu iko mama wa hapa kabisa. Aende Ntoto.”

“Huyu njo mutoto yangu!” mama mkwe akalia kwa furaha.

Nami nililia, kwa kicheko na kwa uchungu wa kuachana naye. Tukarudi nyumbani, wao wawili mbele mikono mitupu, mimi nyuma na sufuria kichwani. Njiani mgeni akasimama, akanisubiri. Nikainamisha kichwa anipokee mzigo.

“Dada,” akaniambia kwa upole, “tembeya mbio kidogo. Mama iko na njaa.”