Marehemu Auza Vitabu Sokoni

Felicitas alikuwa ameuawa mara nne, na bado kila asubuhi alifika sokoni Nyamagana mzima wa afya, na kapu lake la vitabu. Mumewe, Kaijage, karani wa ushirika wa pamba, alikuwa mpole kiasi cha kumpisha kuku njiani, lakini ukimpa kalamu hana huruma. Riwaya zake za mauaji, alizouza mkewe, zilipendwa, na katika kila moja aliyekufa alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye mwanya, ambaye mpelelezi alimlilia sura nzima nzima. Mji wote ulijua mwanya ule ni wa nani.

Kwa hiyo kila kitabu kilipotoka, wanawake wa sokoni walikuja kumpa pole, wakinong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mmoja alileta na unga wa msibani. Kwa uhaba wa miaka ile, marehemu aliupokea kwa mikono miwili. Mwenyekiti wa tawi naye alilalamika kwamba vitabu havina Ujamaa ndani yake, na tangu siku hiyo kila muuaji akawa bepari mwenye kitambi. Kuhusu aliyeuawa, chama hakikuwa na maoni.

Mwishowe Felicitas akachoka kuzikwa. Alimwambia mumewe kwamba asipomwacha hai katika kitabu kijacho, ndizi atajipikia. Kaijage akakubali bila ubishi, jambo ambalo lingemshtua mke mwenye akili.

Kitabu kipya kilipofika alikisoma palepale sokoni. Kweli, aliishi. Alikuwa mke wa mpelelezi. Mwanzoni alileta chai, mwishoni akafunga dirisha. Hakuwa na mwanya wala jina. Aliyeliliwa safari hii alikuwa binti mwembamba mwenye kidoti shavuni, aliyekutwa amekufa ghalani. Kidoti kile Felicitas alikijua. Kilikuwa cha mpiga taipu wa ofisini kwa Kaijage.

Hakuwahi kupata msiba uliostahili pole kama ule, na hakuna aliyemletea hata kibaba cha unga.

Ndipo Odeta, mwalimu aliyehamia mjini karibuni, akamwamkia shikamoo na kuuliza mtu asiyemjua mwandishi huyu aanze na kipi.

Felicitas akaitikia marahaba, akachimbua chini ya kapu.

"Hiki kipya kiache, mwanangu," akasema. "Anza na cha kwanza, ninapozamishwa ziwani Busisi. Hapo alikuwa bado ananipenda."