Pembe Kumi na Mbili za Bibi

Asubuhi ile tulikuwa uani tukizipaka pembe mafuta ya nazi. Bibi yangu, Bi Mwanahamisi, alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akituamrisha mimi na shangazi zangu wawili. Arusi yangu ilikuwa wiki ile, na pale Mambrui hapakuwa na arusi iliyotoka bila vugo la Bibi. Vugo, kwa asiyelijua, ni ngoma ya wanawake: unashika pembe ya nyati mkono mmoja na kijiti mkono wa pili, mnapita mitaani mkigonga na kuimba mpaka mji mzima ujue nani anaolewa. Pembe zetu zilikuwa kumi na mbili. Bibi alizirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, tangu siku ambazo nyati hakuwa na serikali ya kumlinda.

"Hiyo unaisugua kama sufuria," aliniambia. "Ipapase, mjukuu wangu. Ina umri mkubwa kuliko huyo mumeo."

Shangazi zangu wakacheka, na Bibi akacheka kuliko wao. Alikuwa amepita miaka sabini. Aliolewa mara tatu, akawapenda wote watatu, na hakuona haya kusema ni yupi alimpenda zaidi.

Wakati huo huko bara kulikuwa na vita, kuanzia mashamba ya Ganze kupanda hadi mto Sabaki. Majangili wenye bunduki waliua ndovu, askari waliwasaka majangili, na wakulima walipigwa na pande zote mbili. Majangili waliwanyang'anya unga. Kesho yake askari wakaja kuwapiga kwa sababu wametoa unga. Watu walihama, wakaja kulala kwenye baraza zetu na watoto na kuku wao. Sisi wa mjini tuliwapa uji na tukajiona vita havituhusu. Ujinga huo ni wetu, siwezi kumbandika mtu mwingine. Redio ilisema ushindi uko karibu. Mimi sikuuona. Niliona malori yakipita asubuhi na askari wakiimba, yakirudi jioni na askari walionuna, wasio na kitu cha kumwonyesha mkubwa wao.

Mjomba wangu Shee, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa fundi cherehani. Pembe zilikuwa zimeazimwa na jamaa zetu ng'ambo ya mto, naye ndiye aliyekwenda kuzirudisha, ndani ya gunia, juu ya baiskeli. Jioni ya jana yake akapita mkahawani kunywa kahawa, akasema kwa sauti yake kubwa, "Pembe za mama zimefika. Zote kumi na mbili ziko uvunguni."

Wenyeji wote pale mkahawani walimwelewa. Lakini alikuwapo pia mgeni mmoja aliyetumwa kusikiliza maneno ya watu, na kwake yeye pembe ni ya ndovu tu. Hakuuliza. Angeuliza angejibiwa, na jibu lingemharibia kazi.

Askari walikuja saa nne ya asubuhi ile, sisi tungali tukipaka mafuta.

Mlango ulikuwa wazi. Waliupiga teke hivyo hivyo.

Walikuwa sita. Mkubwa wao alivaa miwani ya jua, kifimbo kwapani na bastola kiunoni.

"Pembe ziko wapi?"

Bibi akainua ile aliyoishika. "Hizi hapa, mwanangu. Karibuni. Nani anaoa kwenu?"

Shangazi mmoja akacheka. Mkubwa yule hakuwa amezoea kuchekwa na wanawake.

"Nyara za serikali hizi," akasema.

"Za nyati, baba," Bibi akamjibu taratibu. "Za kugonga arusini. Ya ndovu ni nyeupe. Hii nyeusi, huioni?"

Alivua miwani, akaipokea pembe, akaitazama. Niliuona uso wake ukitambua kosa. Angeweza kuomba radhi akaenda zake, nasi tungewapa hata chai. Akawatazama vijana wake watano, akalitazama lori, akawatazama majirani waliojaa mlangoni. Akairudisha miwani usoni.

"Nyati naye ni wa serikali. Pakieni."

Mjomba Shee akaingia mbio, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. "Afande, hizo za arusi," akasema, akanyoosha mkono kuipokea pembe aliyoishika mkubwa.

Bastola ililia mara moja.

Akaanguka juu ya mkeka wa mafuta. Pembe moja ikabiringika chini ya kitanda cha kamba pale uani.

Bibi alitambaa hadi kwake, akamwekea kichwa mapajani, akamtamkisha shahada sikioni.

"Alitaka kuninyang'anya silaha," mkubwa akasema. Hakutuambia sisi. Aliwaambia wenziwe, ili wakumbuke.

Siku mbili baadaye redio ilitangaza kwamba jangili mmoja ameuawa na pembe kumi na moja zimekamatwa. Haikusema pembe za nini. Watu wa dini wameniambia nisamehe. Majangili nimewasamehe, sikuwahi kuwaona. Yule wa miwani simchukii hata. Kumchukia ni kumpa heshima. Ninamdharau, na mgeni wa mkahawani ninamdharau zaidi.

Arusi ilingoja arubaini ipite. Nilidhani nitaolewa kimya. Bibi akatoka na ile pembe iliyobaki, akaigonga peke yake kutoka mlangoni kwetu hadi kwa bwana arusi, wanawake wakimfuata kwa makofi. Machozi yalimtoka njia nzima, wala hakukosea pigo hata moja. Nilipomwuliza aliwezaje, alisema, "Shee alizileta zipigwe."

Aliishi miaka mingine sita. Mwaka wa kwanza hakucheka. Kisha akacheka tena, nami kwa muda nilimwonea hasira kwa hilo. Akawalea wanangu wawili, akawafundisha kugonga kwa kijiti.

Kwenye hitima yake alikuja mkubwa mmoja wa serikali, akahutubia pale barazani. Alisema marehemu ameishi maisha marefu ya raha na ametuhifadhia utamaduni. Hilo la raha sikulipinga. Maisha yake yalikuwa ya raha kweli, isipokuwa pale walipoyaingilia watu kama yeye. Nilijifunga leso, nikatoka nikapita katikati ya wanaume, jambo ambalo kwetu halifanywi.

"Bwana," nikamwambia, "pembe zetu kumi na moja ziko wapi?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kusaidia.

"Pembe gani, mama?"