Walioliinua Gari la Tobia

Gari lile Tobia alilikuta korongoni, chini ya barabara ya Irente, limelala matairi juu. Mzungu aliyelitumbukiza alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Bendera ilikuwa imebadilika, na yeye hakutaka kubadilika nayo.

"Ukiweza kulitoa ni lako," alimwambia Tobia, akacheka.

Tobia hakucheka. Aliwaalika majirani, na wanaume wa kilima kizima wakashuka na kamba zao. Walilivuta wakiimba, huku wakimtukana yule Mzungu kwa Kishambaa. Jioni walikula makande na nyama ya mbuzi, wakaondoka wameshiba, na habari ikaishia hapo. Ndivyo ilivyokuwa katika milima hii: unaitwa, unaitika, unalishwa, basi. Aliyekula hana la kudai. Aliyeondoka na njaa ameacha jasho lake pale, na siku akilitaka atalikuta. Hakuna aliyefundishwa jambo hili kwenye semina. Lilikuwepo kabla ya semina, na lilimtunza mjane na yatima kuliko hotuba zote zilizokuja baadaye.

Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, fupi kiasi kwamba mtu mrefu aliingia kama anayeingia kwenye kibanda cha kuku. Tobia alilinyoosha bati kwa nyundo na kulisuka injini upya kwa vipuri vya magari mengine. Alikuwa fundi wa kujifunza kwa macho na kwa vidole vilivyochubuka. Lilipowaka, mkewe Jenoveva, binti wa kutoka Rangwi asiyejua kusifu, alisema tu, "Kumbe hukuwa na wazimu."

Ukaja mwaka wa sabini na nne, mwaka wa njaa, mwaka ambao watu walihamishwa wakae mahali pamoja, kana kwamba walikuwa wanakaa mwezini. Pamoja nao akaja Silvano, Katibu wa chama. Mama yake alikuwa Mshambaa, lakini katika kila mkutano alihubiri kwamba mila ndizo zilizotuchelewesha.

Alisimama mlangoni kwa Tobia watu wakisikia. "Ndugu Tobia, kijiji kizima kinatembea kwa miguu, wewe unalala na gari."

"Silali nalo, Ndugu Katibu. Nalala na Jenoveva."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Silvano hakucheka. Ni hatari kumchekesha mtu juu ya mkubwa wake. Kicheko huisha, mkubwa hubaki.

"Vizuri," alisema. "Matunda damu ya kijiji yanaoza, na lori halijaonekana. Kesho asubuhi utapeleka makreti Mombo kwenye treni. Yakifika mazima, nitajua hiki ni chombo cha kazi, nacho ni chako. Yakifika uji, basi ni anasa, na anasa tutaichukua."

Tobia alilijua gari lake. Likiwa tupu lilikuwa swala. Likipakiwa nyuma, kila kona lililala upande kama mlevi anayetafuta ukuta, na njia ya Soni hadi Mombo ni kona tupu. Makreti yangegongana mpaka matunda yale mekundu, laini, yatoe damu kweli.

Lakini chini ya kitanda alikuwa na chuma alichonunua Tanga kwenye duka la vipuri. Mafundi wanakiita stabilaiza: chuma kirefu cha kunyumbuka, kimepinda ncha zote mbili, kinachofungwa nyuma ili gurudumu la kulia na la kushoto yavumiliane, na gari lisilale kwenye kona. Hakikutengenezwa kwa gari lile. Ilibidi atoboe matundu mapya kwenye chasisi, akate mipira ya tairi kuukuu ya kukizungushia, na gari liinuliwe juu kabisa. Jeki yake ilikuwa imevunjika meno.

Akaalika. Jenoveva akachota mahindi ya mwisho ghalani, akainjika makande.

Wanaume walikuja, mbele yao Mzee Omari, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa mkubwa wao. "Shikamoo, Mzee," alisema Tobia.

"Marahaba. Gari lenyewe hili? Nilidhani umeniita kuinua kitu. Hili si kama kobe tu?"

"Kobe wa chuma, Mzee."

"Haya, vijana! Aliyekula ugali jana ashike nyuma, aliyelala na njaa aimbe!"

Waliliinua, wakaliweka juu ya magogo. Tobia akaingia chini, akatoboa kwa drili ya mkono, vumbi la chuma likimwingia machoni. Wao walikaa wakimkejeli na kunusa chungu. Makande yalikuwa yanakaribia kuiva alipotokea Silvano na filimbi yake.

"Leo ni siku ya shamba la ujamaa! Nyinyi mnamfanyia kazi mtu mmoja?"

"Chakula kiko jikoni, Katibu," alisema Mzee Omari. "Tumeitwa."

"Na mimi nawaita. Amkeni!"

Wakaenda. Walishusha gari, wakaenda na njaa yao, na Mzee Omari aligeuka akatazama moshi wa jikoni. Jenoveva alikuja akainama kando ya gurudumu. "Baba Secilia, nisaidie kuwapelekea chungu shambani. Watu hawa hawajala."

Tobia alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya gari, anakaza nati ya mwisho. "Watakula nikirudi. Chungu kitasubiri, treni haisubiri."

Alfajiri alipakia, akashuka. Kona za Soni alizipita gari likisimama wima kama mchungaji madhabahuni. Alipiga mluzi njia nzima, mjinga wa Mungu. Mombo walifungua makreti: hakuna tunda lililopasuka.

Aliporudi, mkutano ulikuwa umeshaitishwa. Hakuruhusiwa hata kufika nyumbani.

"Matunda yamefika?" aliuliza Silvano.

"Yamefika mazima." Watu wakapiga makofi.

"Basi ni chombo cha kazi. Wananchi, chombo hiki jana kiliinuliwa na nani?"

"Sisi!"

"Mlikula kwake?"

Mtu yule yule aliyetukana mila asubuhi na jioni alikuwa amezishika mkononi kama panga.

"Mzee Omari, wewe ndiye mkubwa. Ulikula?"

"Sikula."

"Basi jasho lenu limo ndani ya gari hilo. Ni la kijiji."

"Wewe ndiye uliyewaondoa!" Tobia alipiga kelele. "Makande yalikuwa jikoni!"

"Mimi niliwaita kazini. Shamba si mbali, Ndugu Tobia. Ungewapelekea."

Neno hilo hilo mkewe alikuwa amemwambia. Ilibaki njia moja. Mila iliruhusu aliyekosa chakula kusema amesamehe, na mkubwa akisamehe, wote wamesamehe. "Mzee Omari," alisema, "sema neno."

Viwanja vya nyumba vilikuwa vinagawiwa wiki ile, na Silvano ndiye mgawaji. Mzee Omari alitazama miguu yake. Hakusema.

Gari akapewa shemeji wa Katibu. Hakuna aliyepaka grisi wala kubadilisha mipira. Chuma kikaanza kugonga, kikalegea, na masika hayajaisha gari likatupwa nyuma ya ofisi, kuku wakatagia ndani. Mali ya wote ilikuwa haina wa kuifuta hata vumbi.

Miaka ilipita, Silvano akapelekwa wilaya nyingine kuharibu huko. Mzee Omari akafa. Tobia alikwenda mazikoni, maana jirani ni jirani. Njia ya makaburini ilikuwa ya kupanda, imeloa, na wanaume walipokezana jeneza kila hatua chache, Waislamu kwa Wakristo. Mtoto wa marehemu, jasho likimtoka, alimwita, "Baba Secilia, tupokee."

Tobia alitia mikono mifukoni. "Mikono yangu ni ya kijiji. Kamwombeni Katibu."

Jeneza likampita. Alitembea nyuma yake mpaka juu, akisikia wanavyohema. Walipomletea sahani ya wali msibani aliirudisha ilivyo. Hakubeba, na hakula.