Matanga ya Mzee wa Japani

Mama hakujua Kijapani, na maneno ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha hakuyasoma. Hata hivyo, filamu za mwigizaji mmoja mzee wa Japani alizielewa kuliko mimi. Nilikuwa nikimwazimia filamu hizo katika maktaba ya pale Shively nikitoka zamu ya bohari, bila kufuata mpangilio wowote. Jana mwigizaji alikuwa babu anayemenya matunda kibarazani, leo ni kijana wa panga mwenye nywele nyeusi, kesho mpelelezi aliyevaa koti lililochoka. Mama hakushangaa. Alifurahi tu kumwona amerudi ujanani. Sebule ilijaa mwanga wa buluu, nami nikisinzia sikujua tena kama tuko Kentucky, Japani au milimani kwetu.

"Angalia, anatembeaka sawa baba yako," mama alisema.

Baba alitoweka vitani, Kivu, na hatukuwa na picha yake hata moja. Matanga yake mama aliyakataa katakata. Baba mdogo alipopiga simu kutoka Columbus akimsihi tumlilie kaka yake, mama alijibu, "Donc mutalilia mutu mwenye iko njiani?" Jibu hilo liliniudhi kila mara. Nilitaka kulia nimalize.

Kisha nikasoma kwenye simu kwamba yule mzee amefariki. Nilimwambia mama akiwa anasonga fufu. Alizima jiko, akaifunika televisheni kwa kitenge, akashusha godoro sebuleni, akaketi chini.

Jirani yetu wa kanisani alikuja kurudisha sufuria. Akaona godoro, akapiga yowe. Kwetu godoro likishushwa sebuleni huulizi, unalia kwanza. Hadi jioni nyumba ilikuwa imejaa wanakwaya, maharage na chupa za soda. Baba mdogo naye akafika kutoka Columbus na koti lake la kazini, analia kabla hajajua anamlilia nani. Nilitamani ardhi inimeze. Ningewaambiaje kwamba wanamlilia mwigizaji wa Kijapani?

Mchungaji akafungua Biblia. "Bon, mama, tumuombee kwa jina gani?"

Mama aliitazama televisheni iliyofunikwa. Kisha akaushika mkono wa baba mdogo, akataja jina la baba, lote, pamoja na la ukoo.

Nikashuka kwenye kiti, nikaketi na mama godoroni.