Makaburi Mawili ya Shemasi Matano

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Bi Jaribu aliinjika chungu kikubwa kuliko vyote vya Kengeja. Hakikuwa chake, kilikuwa cha kanisa. Kila muumini alikuja na alichojaaliwa: huyu muhogo, yule mkungu wa ndizi mbichi, mwingine nazi mbili, na aliyebahatika baharini akaleta samaki. Bi Jaribu alimenya vyote, akavikatakata, akavitia tui, akafunika. Mtu akichungulia na kuuliza muhogo wake uko wapi, alimpiga mkono kwa mwiko.

"Kikishaingia humu hakina mwenyewe tena. Nenda kaimbe."

Baada ya ibada watu walikaa chini kwenye majamvi, wakalizunguka sinia, wakala pamoja. Hivyo ndivyo walivyokuwa Wabaptisti wa Kengeja tangu mwaka wa hamsini na saba, alipokuja mwalimu mmoja kutoka bara na kuwajengea kibanda cha makuti. Walikuwa wachache mno, watoto na wajukuu wa watu walioletwa Pemba na kazi ya karafuu. Majirani zao Waislamu waliwaita Wachovywa, kwa kuwa dini yao haimnyunyizii mtu maji kichwani, humzamisha mzima mzima. Ulikuwa utani wa majirani, na wao wenyewe waliuitikia.

Walizamishwa kule kwenye mikoko, maji yakijaa. Tope la mikoko linateleza kama mlenda, na mtu akiingia peke yake huanguka kabla hajabatizwa. Kwa hiyo alisimama majini mume wa Bi Jaribu, shemasi Matano, mkwezi wa minazi, mtu wa miguu mipana na maneno machache. Yeye ndiye aliyemshika mkono kila mmoja akimwingiza na kumtoa. Hakuna hata mmoja katika kanisa lile ambaye hakuwahi kuushika mkono wa Matano.

Ndipo zikaingia zama za siasa. Aliyekuwapo anazijua, na asiyekuwapo naomba Mungu asimwonyeshe. Watu wa chama hiki hawakununua kwenye duka la mtu wa chama kile. Mke aliachwa kwa kadi ya kaka yake. Misikiti iligawanyika, harusi zikasusiwa, na mtu alitoa salamu ikarudi kwake kama mpira uliopiga ukuta. Wachovywa walidhani moto huo utawapita, kumbe makuti yao yalikuwa makavu kama ya wengine.

Ulianzia kwenye chungu. Jumapili moja ya mwaka wa sitini na moja, uchaguzi ukiwa umekaribia, alikuja Mmanga, mtu mwenye sauti nzito aliyekuwa akiongoza nyimbo. Mkononi alikuwa na bakuli lake, limefunikwa kawa.

"Bwana Mmanga, leo una mgonjwa?" akauliza Bi Jaribu.

"Sina mgonjwa. Nakula changu. Siwezi kula muhogo wa watu wanaotaka kutuuza."

Nyange, mdogo wake wa kiume Bi Jaribu, tumbo moja, aliinuka kwenye jamvi. Huyu alikuwa na kadi ya chama cha pili, na ulimi wake ulikuwa panga.

"Acha aende na bakuli lake, umbu langu. Kibaraka hula alichotupiwa na bwana wake. Hajazoea sinia."

"Nani kibaraka?"

"Weye. Au nikuitie na mkeo?"

Walishikwa wasipigane. Mwezi uliofuata kulikuwa na mafiga sehemu mbili, moja mashariki mwa kanisa na moja magharibi, na moshi wa huku ukiwaingia wa kule machoni. Chungu cha kanisa kilibaki katikati kwa Bi Jaribu, kimejaa chakula, hakina mlaji. Mwezi wa tatu tangu hapo alikikuta kimepasuliwa kwa jiwe, vigae vimetawanyika mpaka mlangoni. Hakuuliza ni nani. Aliokota vigae, akaenda kufinyangiwa chungu kingine.

Matano hakukata kadi ya chama chochote. Pande zote mbili zilimtukana kwa hilo.

"Popo huyo," alisema Mmanga. "Si ndege, si mnyama. Akiulizwa ana mbawa, husema ana meno."

Nyange naye alipita mbele ya nyumba ya dada yake bila kugeuza shingo, na akasikika akisema kwa sauti, "Nyumba hii inanuka popo."

Mwaka huo Matano akaugua kifua. Alikohoa mvua za vuli zote, akakonda, miguu yake mipana ikabaki mifupa. Waliokuja kumwangalia ni Bi Moza, jirani yao Mwislamu, na mumewe Bakar. Bi Moza alileta uji wa mtama, akakaa na Bi Jaribu upenuni.

"Na watu wenu wa kanisani, shoga?"

"Hawa wakija, wale hawaji. Wale wakisikia hawa watakuja, hawaji. Kwa hiyo haji mtu."

"Mama wee. Nanyi mmekuwa kama siye," akasema Bi Moza.

Siku moja jioni Matano alimwita mkewe karibu. Sauti ilikuwa imebaki ndogo.

"Jaribu. Miye nizikwe na kanisa. Nisizikwe na chama."

"Utapona, baba."

"Sikiliza. Kanisa lote, kaburi moja. Niahidi."

Bi Jaribu akaahidi. Tangu pale hakuwa na sala nyingine. Hakuomba mali wala umri. Aliomba mumewe asindikizwe na mikono yote aliyoishika majini.

Alifariki Alhamisi moja alasiri. Bi Jaribu alimfumba macho, akamwachia Bi Moza nyumba, akajifunga kanga, akaenda kwanza kwa mdogo wake. Nyange alikuwa anasuka pakacha. Alisikia habari, pakacha likamwanguka, kwa kuwa alimpenda shemeji yake zamani, kabla ya kadi. Kisha akajikaza.

"Kesho alfajiri tutachimba siye. Ni shemeji yangu, haki ni yangu. Lakini Mmanga akikanyaga pale, miye sipo."

"Kaka, njoo tu. Njoo kama ulivyo."

Akaenda na kwa Mmanga. Huyo alisimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Nimesikia. Pole. Matano alinishika mkono siku yangu, sikatai. Tutachimba siye. Mwambie nduguyo akae kwake na matusi yake."

"Njoni, baba," akasema Bi Jaribu. "Njoni tu."

Hapo ndipo alipokosea, maskini, kwa upole wake. Alimwambia kila mmoja njoo, wala hakumwambia yeyote kwamba mwenzake naye ameambiwa njoo. Alidhani wakikutana mbele ya maiti wataona haya.

Viwanja vya makaburi vya Wakristo vilikuwa kwenye mteremko nyuma ya mikarafuu, mahali walipopewa na mwenye shamba. Alfajiri watu wa Nyange walipanda kwa njia ya juu na majembe yao. Watu wa Mmanga walipanda kwa njia ya chini. Walipoonana, hakuna aliyetoa salamu. Nyange alipiga jembe chini pale aliposimama. Mmanga naye akapiga lake, hatua chache tu upande wa pili wa mkarafuu mmoja. Hakuna aliyemwambia mwenzake acha. Walichimba kwa kushindana, jasho linawatoka, udongo wa huku unarukia wa kule, kila upande ukisikiliza jembe la wenziwe na kuongeza nguvu. Jua lilipochomoza, mtu mmoja alikuwa na makaburi mawili.

Maiti ilibebwa na Bakar na wanawe kwa kitanda cha kamba, Bi Jaribu akifuata na akina mama. Walipofika mpakani mwa makaburi, Bakar alitazama mashimo, akatazama watu, akakitua kitanda taratibu.

"Bi Jaribu, siye mwisho wetu hapa. Yaliyobaki ni ya dini yenu."

Hakuna aliyesogea kupokea kitanda. Kila upande ulisimama kwenye ukingo wa kaburi lake kama muuza duka anayengoja mteja.

"Umbu langu, mlete huku," akasema Nyange. "Kaburi hili limechimbwa na damu yako."

"Limechimbwa?" Mmanga akacheka. "Shimo hilo halifiki kiunoni. Huzikwa kuku humo."

"La kwenu limeingia maji chini. Mwataka kumzamisha mara ya pili?"

Wengine walicheka, Mungu awasamehe. Walicheka maiti ikiwa chini.

Bi Jaribu alikaa udongoni karibu na kichwa cha mumewe. "Sina waume wawili," akasema. "Nipeni kaburi moja."

"Hili hapa," wakasema wa huku.

"Hili hapa," wakasema wa kule.

Jua likapanda. Nzi wakaanza kuja, naye anawapunga kwa ncha ya kanga. Mwalimu wao alikuwa bara, hakuna wa kuamua. Alisubiri mtu mmoja tu aone haya, na hakutokea. Mwishowe aliinuka, akaenda upande wa mdogo wake, akachukua jembe lililolala. Watu wa Nyange wakashangilia, wakidhani amewachagua. Bi Jaribu akalivuta lile jembe, akaanza kurudisha udongo ndani ya kaburi la Nyange.

"Dada! Wafanya nini?"

"Nafukia."

"Wanifukia miye? Mbele ya hawa?"

"Kaburi la Mmanga si langu, siwezi kuligusa. Hili umesema ni la damu yangu. Changu ndicho niwezacho kukiacha."

Nyange alimnyang'anya jembe. Watu wa Mmanga walipiga vigelegele kana kwamba wameshinda kiti. Bi Jaribu akawageukia.

"Na nyie nyamazeni. Sikuwachagua. Nimechoka."

Ndipo mzee mmoja wa upande wa Nyange akapaza sauti kwamba kaburi tupu halifukiwi hivi hivi, litamwita mtu mwingine afe. Hiyo ni mila ya wazee. Watu wale walikuwa wamezamishwa majini, lakini mila haikulowa yote. Walitazamana kwa hofu. Nyange, kwa hasira na kwa hofu hiyo, aliingia shambani, akakata mgomba uzikwe badala ya mtu, akaja nao begani.

Basi siku ile Kengeja iliona jambo ambalo halijaonekana. Upande huu Mmanga na wenziwe walimteremsha Matano. Upande ule Nyange na wenziwe waliteremsha mgomba. Wa huku walianza wimbo, na wa kule wakaanza mwingine kwa sauti kubwa zaidi ili kuuzima. Kila mtu alitupa udongo kwenye shimo lake. Bi Jaribu alimtazama mdogo wake akitupa udongo juu ya mgomba, machozi yakimtoka, na hakujua analia kwa uchungu au kwa kisirani. Kisha Nyange akakusanya watu wake, wakateremka bila kutupa hata chembe juu ya Matano.

Nusu ya kanisa ilikuwa imemzika. Ahadi ilikuwa imebaki nusu.

Kijiji hakikumwacha Nyange. Akipita sokoni waliulizana, "Mgomba umeshatimiza arubaini?" Wauza ndizi walimpa pole ya msiba. Alizidi kuwa mkali, akaacha kuja kanisani. Kwa Bi Jaribu hakukanyaga mwaka mzima, na mkewe alikatazwa hata kuchota maji kisima kimoja naye. Mmanga naye aliendelea kula kwenye bakuli lake, anaimba kwa sauti kubwa, na kila mara anamkumbusha Bi Jaribu nani aliyemzikia mume. Bi Jaribu alimjibu, "Ahsante, baba," kisha akaenda kuinjika chungu ambacho hakuna aliyekila. Chakula kilipopoa alimpelekea Bi Moza.

Masika ya mwaka uliofuata mvua ilinyesha kwa hasira. Mgomba ulikuwa umeoza kule chini, na kaburi la Nyange likatitia, likawa shimo la maji machafu. Kaburi la Matano nalo lilikuwa limeshuka kichwani. Bi Jaribu alikuwa amepiga magoti akipalilia alipomwona mdogo wake anapanda mteremko na jembe na pakacha.

"Sikuja kwako," akasema Nyange.

"Najua."

"Nimekuja kufukia shimo langu. Ng'ombe wa watu ataangukia humu, nitatukanwa tena."

Akafukia. Alifukia kwa muda mrefu, naye Bi Jaribu akaendelea kupalilia. Alipomaliza alisimama ameegemea jembe, akitazama kile kichwa kilichoshuka.

"Hawa wako hawakushindilia. Nilisema wanachimba ovyo."

"Ulisema."

Nyange akajaza pakacha udongo, akaumwaga kwenye kaburi la Matano, akashindilia kwa mguu, akamwaga mwingine. Mwisho akainama, akateka udongo kwa mkono, akautupa polepole.

"Huu ni ule wa siku ile," akasema. Kisha kwa ukali, kama anayejutia neno lake, "Lakini Mmanga simsamehe. Usije ukanitangazia."

"Jumapili napika," akasema Bi Jaribu.

"Mmanga atakuwapo?"

"Chungu ni kimoja, kaka."

Nyange akaokota pakacha lake. Aliteremka na jembe lake bila kuaga.

Jumapili ile Bi Jaribu alipofungua mlango aliona mihogo mitatu imeegemezwa ukutani, ina udongo mwekundu wa shamba la Nyange. Mwenyewe hayupo. Aliiosha, akaimenya, akaitia chunguni na vitu vyake. Baada ya ibada, mtoto wa Mmanga aliyekuwa na njaa alichota kwa kidole, akapenda, na mama yake akaona haya kumzuia. Mmanga naye, bakuli lake likiwa limeshaisha, akaonja kipande, akaonja cha pili.

"Muhogo huu laini," akasema. "Wa nani?"

Bi Jaribu alikuwa anakoroga, hakuinua macho.

"Wa kanisa," akasema. "Kula."