Chokea Tatu na Taulo la Wageni

Wakuu, mimi nimewahi kuitishiwa kikao cha ukoo kwa sababu ya kope.

Sitanii. Mwaka 1993, kijijini Makote, Newala, chokea tatu, vile vijipu vya kwenye kope, ndani ya msimu mmoja nusura zininyime mke.

Nilikuwa nimemposa Flora. Ukoo wao ulikuwa haumkabidhi binti mpaka uje wakuone ukipiga kazi. Basi mimi Silvesta, kijana wa Nanganga, nikahamia kwao kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho.

Chokea ya kwanza ikaota jicho la kulia, ya pili la kushoto. Ya tatu ikafumba jicho kabisa, na maneno yakaanza.

Maana pale kila mtu alijua chokea inatoka wapi: umechungulia mtu akioga. Na bafu la nyasi lilikuwa moja tu, analoogea mama mkwe.

Mjomba wake Flora, Mzee Dadi, ndiye mwenye kauli ya mwisho. Akaitisha kikao cha kurudisha posa. Kwanza akahamia pale siku tatu, eti anilinde macho.

Nikadandia lori mpaka hospitali ya Mkomaindo kwa nesi mmoja, Mama Veridiana. Alinicheka weee. Kisha akaniagiza nikande kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu, dakika kumi, mara nne kwa siku, na nisiiminye hata ikiiva. Akaniuliza uso nafutia nini.

Hapo nikanywea, kwa sababu jibu nililijua.

Mitumba ilikuwa imeruhusiwa, na mama mkwe alijipatia taulo la bluu, zito, la wageni tu. Maji Makote yalipandishwa kwa kichwa kutoka bondeni, sasa nani ayamwage kufulia taulo la heshima? Mgeni akijifuta, linaanikwa kumsubiri mwingine. Nami natoka shambani na vumbi la salfa, nafikicha macho, najipangusa humo humo.

"Kila mtu na taulo lake," nesi akasema, "na unawe mikono kabla hujagusa jicho. Ukibisha, tutaonana hapa mpaka uote mvi."

Rahisi kusema. Nimwambie mama mkwe heshima yake inanuka? Nilimpenda Flora, nikaogopa, nikafunga mdomo. Nikawa nakanda kimyakimya na kujifutia shati langu nililofua.

Siku ya kikao jicho langu lilishafunguka. Mzee Dadi akatoka amechelewa, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, akaanza kunisomea mashitaka. Flora alipoinama kumpa uji, akamtazama usoni chini ya kofia.

"Shikamoo mjomba," akasema taratibu. "Na wewe umemchungulia nani?"

Kope ya mzee ilikuwa imevimba, nyekundu. Mgeni wa heshima, siku tatu, taulo la heshima.

Mke wake naye alikuwepo kikaoni, na alitaka jibu kuliko sisi wote. Mzee akaapa kwa makaburi yote ya ukoo wao. Hakuna aliyekumbuka kurudisha posa yangu tena.

Jioni akanifuata nyuma ya nyumba, sauti chini.

"Mkwe wangu," akasema, "hivi hayo maji unayokandia yanatakiwa yawe ya moto kiasi gani?"

Ndiyo mara ya kwanza kuniita mkwe.

Funzo, wakuu: chokea ni uchafu, si uchunguliaji. Nawa, kanda, taulo lako liwe lako hata ukweni. Na anayehukumu macho ya wenzake, mvueni kofia kwanza.